Muhula mmoja wa kuandika yasiyosemeka: tathmini ya kozi ya uandishi wa kubuni

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya hiari. Hufundishwa katika muhula wa pili wa mwaka wa tatu kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na lengo lake, kama lilivyoandikwa katika mwongozo, ni kumwezesha mwanafunzi kuandika hadithi fupi zinazobeba hisia ngumu: msiba, aibu, wivu, majuto, hofu na mengine ambayo mtu hayasemi mbele za watu. Waliotutangulia waliiita kozi ya vilio. Sitakitaja chuo wala walimu wake, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Niliichukua nikiwa nasomea ualimu wa Kiswahili. Sasa nafundisha sekondari, na wadogo zangu walioko chuoni wanapofika wakati wa kuchagua kozi huniuliza swali moja tu, kwamba je, inafaa kuichukua au ni kupoteza muda. Huwa nawajibu kwamba inafaa, hasa kwa ajili ya semina zake, lakini wasiingie na kidonda kibichi.

Wiki nne za mwanzo zinaweza kumkatisha mtu tamaa. Ni mihadhara katika ukumbi mkubwa wenye kipaza sauti kinachokoroma, na kinachofundishwa ni maana ya hadithi fupi, msuko, wahusika, mandhari na dhamira, yaani yale yale tuliyoyakariri tangu kidato cha tatu. Baadhi ya wenzangu waliihama kozi katika kipindi hiki na siwalaumu.

Mambo yalibadilika tulipogawanywa katika makundi ya watu 12 na kuanza semina. Siku ya kwanza Mwalimu aliingia na vipande viwili vya chaki, akamtaka kila mmoja wetu ataje sentensi anayoikumbuka kutoka hadithi yoyote ya Kiswahili ambamo mhusika anaogopa au anahuzunika. Haikuchukua dakika kumi ubao kujaa. Kijasho chembamba kikamtoka. Moyo ukamwenda mbio. Machozi yakamtiririka njia mbili mbili. Akapigwa na butwaa. Hakuyaamini macho yake. Tulikuwa tukicheka, maana kila sentensi ilipotajwa watu watatu wanne waliimalizia kwa pamoja kama kiitikio. Kisha Mwalimu akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kukiona hicho kijasho chembamba kikimtoka mtu aliyefiwa. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena: waliowahi kukaa msibani, waliona nini hasa?

Hapo ndipo mikono ilipoinuka. Mmoja alimwona mjane akihesabu sahani za kukodi, akifika 37 anaanza upya. Mwingine alimwona baba yake mdogo akigombana na fundi wa turubai kwa sababu ya kamba moja iliyolegea, ugomvi mkubwa kuliko kamba yenyewe, mpaka wazee wakaja kuamua. Wa tatu alisema kwamba yeye, akiwa na umri wa miaka tisa, alifurahi sana siku ya mazishi ya babu yake kwa kuwa alipewa soda nzima peke yake, na tangu siku hiyo hajawahi kumwambia mtu. Mwalimu alifuta ubao wote, akaandika mambo hayo matatu, na misemo iliyofutwa ikawa marufuku mpaka mwisho wa muhula. (Nilipoanza kufundisha nilijaribu kuipiga marufuku hiyo hiyo kidato cha pili. Kijasho chembamba kilirudi katika insha 19.)

Zoezi lililofuata lilihusu wivu. Tulitakiwa kuandika kurasa mbili za mhusika anayeteswa na wivu bila kulitumia neno lenyewe wala ndugu zake. Lakini kabla ya kutunyang'anya maneno hayo, Mwalimu alitufanya tuyatenganishe kwanza, na saa ile moja ilinifaa kuliko mihadhara yote minne. Mwenye wivu anachunga anachodhani ni chake. Mwenye kijicho anaumia kwa kilicho cha mwenzake. Mwenye husuda anataka kimtoke mwenzake hata kama yeye hatakipata. Mwenye ghera anatamani naye afike alipofika mwenzake, na huyo hana ubaya. Kinyongo ni kitu kilichokwisha kutokea na kikahifadhiwa. Tukishajua ni kipi kati ya hivyo kimemshika mhusika, tutajua mikono yake inafanya nini: mwenye wivu atapekua simu, mwenye kijicho atasifia gauni la mwenzake kwa kulishika na kulipimapima kitambaa, mwenye kinyongo atahudhuria sherehe na kuondoka kabla ya chakula.

Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo, na kwamba anayetaka kuzichambua hisia kwa undani aende Kiingereza. Kozi hii iliniponya na dhana hiyo, tena kwa kutumia sarufi. Tulikaa kipindi kizima kwenye kitenzi kimoja, kufiwa. Kufa ni tendo la marehemu, lakini Kiswahili kinampa na anayebaki kitenzi chake: nimefiwa na bibi. Aliyekufa ndiye aliyetenda, na mimi ndiye niliyetendwa. Kitenzi hicho kimo katika kundi moja na kuibiwa, kunyeshewa, kukimbiwa na kuachwa. Mwalimu alitwambia tutazame ni lini mhusika wetu anasema bibi amekufa na ni lini anasema nimefiwa, kwa kuwa kati ya sentensi hizo mbili kunaweza kuwa na wiki nzima ya hadithi.

Vivyo hivyo kuhusu nyakati. Kiambishi -ka- huisukuma hadithi mbele: akaingia, akaketi, akalia, akanyamaza. Kinafaa kwa ugomvi na kwa mtu anayekimbia, lakini hakimwachi msomaji atue, kwa hiyo hadithi ya majonzi iliyojaa -ka- husomeka kama taarifa ya polisi. Halafu kuna hu-. Mtu aliyefiwa jana bado husema bibi hula bila chumvi, bibi huamka kabla ya adhana, na hakuna anayemsahihisha. Siku mdomo wake utakapobadilika na kusema alikuwa akila bila chumvi, hiyo ndiyo siku ya mazishi kwa upande wake, hata kama kaburi limeshaota majani. Nilikuwa nimesoma isimu kwa miaka miwili na nusu nikiiona njeo, yaani hizo nyakati za kitenzi, kama jedwali la kujaza kwenye mtihani.

Orodha ya vitabu ilikuwa fupi, na nakala za kusomea zilikuwa mbaya: kopi ya kopi, kurasa nyingine zimekatwa pembeni. Walichokichagua hata hivyo kilikuwa na sababu. Tulisoma shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina ili tuone jinsi anavyozungumza na marehemu moja kwa moja badala ya kutusimulia sisi habari zake, na jinsi ua lililofunga baada ya kuchanua linavyobeba mzigo ambao maneno ya kilio yangeushindwa. Tulisoma sehemu za Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974, kwa ajili ya msimulizi wake wa nafsi ya kwanza anayejichambua bila kujihurumia. Tulipewa pia barua ya Chekhov, mwandishi wa Kirusi, ya mwaka 1892 kwa mwandishi mwenzake Lydia Avilova, anamomshauri kwamba anapotaka msomaji awahurumie watu wenye dhiki, basi yeye mwandishi awe mkavu zaidi. Mwanamke aliyeandika kwa Kiswahili hakuwamo hata mmoja katika orodha ile, ilhali zaidi ya nusu ya kundi letu tulikuwa wasichana. Tuliuliza, tukaambiwa orodha itapitiwa.

Ukavu huo wa Chekhov ndio uliokuwa roho ya semina. Kila wiki wanafunzi wawili walileta hadithi zao, kila mmoja na nakala 12, na mwandishi alitakiwa kusoma kwa sauti kisha akae kimya wakati wenzake wakiijadili kazi yake kana kwamba hayupo. Utaratibu wa namna hii umeenezwa na warsha ya Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, iliyoanza mwaka 1936, na kwetu ulikutana na kikwazo ambacho sidhani kama Iowa wanacho. Kikwazo hicho ni neno pole. Hadithi ya kwanza iliyosomwa ilihusu mama aliyepoteza mtoto, na msomaji alipomaliza, watu wote 11 walimwambia pole sana, mmoja baada ya mwingine, na dada mmoja akaenda kumshika bega. Baada ya hapo nani angethubutu kusema kwamba ukurasa wa pili unachosha? Mwalimu alisubiri tumalize, akasema, "Pole mtampa nje ya mlango. Humu ndani mpeni makosa yake." Kuanzia siku hiyo pole nayo ikaingia katika orodha ya marufuku.

Kwangu mimi sheria hiyo ilifanya kazi, na ni haki niseme jinsi ilivyofanya kazi. Nilimuuguza bibi yangu, mzaa mama, kwa karibu miaka mitatu kabla ya kuingia chuo. Alipofariki nilihisi kitu ambacho sikuwa na pa kukipeleka, nacho ni ahueni. Nyumba ilijaa watu, shikamoo zikawa nyingi kuliko pumzi, kila mmoja akiniambia pole mjukuu wangu, ulimtunza vizuri, na mimi ndani nafikiria kwamba usiku wa leo nitalala mpaka asubuhi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imejaa maneno hayo hayo: ahueni, hatia, aibu, nilijichukia. Nilikaa kimya nikisikiliza kundi likisema kwamba mhusika wangu analalamika sana na haaminiki. Iliniuma. Kisha Mwalimu, bila kunitazama, akauliza kundi: siku ya pili ya msiba, kwenye kamba ya nguo ya nyumba ile kulikuwa na nini?

Nililijua jibu. Kulikuwa na mpira wa kutandika juu ya godoro la mgonjwa, wa rangi ya kahawia, ambao kwa karibu miaka mitatu niliuosha kila asubuhi na kuuanika ukiwa hauna nafasi ya kukauka vizuri, kwa sababu ulihitajika tena mchana. Siku ile ulikaa kwenye kamba tangu asubuhi mpaka jioni, ukakauka kabisa hata ukawa mgumu, ukipigwa na upepo unatoa sauti kama karatasi. Hakuna aliyeuhitaji. Niliandika upya hadithi nzima kutoka kwenye kamba ile, na neno ahueni halimo hata mara moja. Kama kozi ingekuwa na swali lile moja tu, bado ningesema inafaa.

Sasa nifike kwenye tahadhari.

Wiki ya tisa Mwalimu alikuwa safarini na semina ikaendeshwa na mhadhiri msaidizi. Mwenzetu mmoja, kijana mchangamfu ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akituandikia vichekesho, alileta hadithi ya mdogo wake aliyezama ziwani. Haikuwa imetimia hata mwaka. Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Katikati ya ukurasa wa pili, alipofika pale ambapo wavuvi wanaipandisha ndala moja tu, alisimama. Hakulia. Aliendelea kuitazama karatasi, midomo inatembea, sauti haitoki. Sisi tulikuwa tumeshafunzwa, na hakuna aliyesema pole. Tulimtazama msaidizi, naye, akiwa ameshika sheria za kozi barabara, alisubiri kama dakika moja kisha akasema, "Basi, tuendelee na anayefuata." Kijana alitoka akaliacha begi lake kwenye kiti. Baadaye tulimkuta kwenye vimbweta nyuma ya maktaba, ameketi na dada mmoja wa kundi letu aliyemnunulia maji, na hapo nje ndipo pole zetu zilipotoka zote kwa mkupuo, zimechelewa. Hadithi ile hakuileta tena. Mwisho wa muhula alikabidhi nyingine, ya mwizi wa mbuzi, ikapata alama nzuri kuliko zetu wengi.

Simlaumu sana msaidizi. Alikuwa ameachiwa darasa bila maelekezo. Ninailaumu kozi. Inawaita vijana wa miaka 22 na 23 walete jambo linalowauma kuliko yote, inawafundisha ukavu wa kuliandika, lakini haijapanga lolote kwa ajili ya yule ambaye jambo lake bado linafuka moshi. Katika mwongozo mzima wa kurasa sita hapakuwa na mstari mmoja unaosema kwamba chuo kina washauri nasaha, wanapatikana wapi, au kwamba mwanafunzi ana ruhusa ya kusimamisha usomaji na kumpa mwingine amsomee. Mambo haya hayahitaji bajeti.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wiki ya tano tulielezwa utafiti wa kisaikolojia wa James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa mwaka 1986, ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kuhusu mambo yaliyowaumiza kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Tuliambiwa kwamba waliofanya hivyo, wakaeleza tukio pamoja na hisia zao, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Ni kweli. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba mara tu baada ya kuandika, watu hao walijisikia vibaya kuliko wenzao walioandika kuhusu mambo ya kawaida. Sehemu hiyo niliisoma mwenyewe baadaye, na inafaa iwe ya kwanza kusemwa darasani, kwa sababu mwanafunzi anayetoka semina saa kumi jioni anakwenda hosteli akiwa katika hali hiyo ya mara tu baada ya kuandika, na miezi inayofuata bado iko mbali.

Upande wa alama nao hauridhishi. Koziweki, yaani kazi za muhula, ina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Hadithi yenyewe, uliyoiandika na kuiandika upya kwa wiki sita, ina alama 15 kati ya hizo 40. Mtihani wa mwisho wa mwaka wetu ulituuliza, miongoni mwa mengine, tufafanue dhana ya hisia katika hadithi fupi kwa mifano minne, na niliwaona watu ambao hawakuwahi kuandika aya moja yenye uhai wakiibuka na alama za juu kwa kukariri daftari la mihadhara. Hadithi zetu zilirudishwa wiki ya 14, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha chochote. Yangu ilipata 11. Pembeni mwa aya ya mwisho Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli: mpira ulipokauka, nani aliukunja? Ni swali zuri, na ningelipenda wiki ya kumi.

Kuhusu gharama, kozi haina ada ya ziada, lakini nakala ni juu ya mwanafunzi. Hadithi ya kurasa nne mara watu 12 ni kurasa 48, na kwa shilingi 100 kila ukurasa pale steshenari inakuwa shilingi 4,800 kwa kila rasimu. Mimi nililipa mara tatu, muhula ambao bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lilichelewa. Kundi lililotufuata lilikubaliana kutumiana maandishi kwenye simu siku moja kabla. Ni rahisi zaidi, ingawa huwezi kuchora mstari chini ya sentensi kwa kalamu, na nusu ya ninayoyakumbuka ni mistari ya kalamu za wenzangu.

Kwa anayetaka kuichukua: vumilia wiki nne za mihadhara, na uzitumie kusoma hadithi fupi nyingi kadiri uwezavyo, kwa sababu semina zikianza hutapata nafasi. Chagua jambo ambalo limeshapoa angalau kiasi cha kuweza kulisimulia mezani bila sauti kukatika, nalo jipya liache likae. Ukiona mwenzako amekwama katikati ya ukurasa, omba ruhusa umsomee wewe, hata kama sheria haisemi. Makundi hupangwa kwa karatasi inayobandikwa mlangoni mwa idara mwishoni mwa wiki ya tatu, na anayewahi ndiye anayechagua. Kundi la Alhamisi alasiri huwa dogo kwa sababu linagongana na michezo, na ndilo ambalo Mwalimu mwenyewe hulisimamia.